Siku ya mechi, dozi ya insulini isiwe ileile

Katika shule zetu nyingi yupo mtoto ambaye kipindi cha michezo kikifika hukaa chini ya mwembe akilinda mabegi na viatu vya wenzake. Hana homa wala hajaumia mguu, na jana yake tu alikuwa akikimbizana na ndugu zake nyumbani. Ana kisukari aina ya kwanza. Mama yake amemwomba mwalimu asimkimbize, na mwalimu naye ameona ni afadhali, maana hakuna anayetaka mtoto wa mtu aanguke mikononi mwake.

Ninawaelewa wote wawili. Hofu yao ina msingi, kwa sababu mtoto anayetumia insulini anaweza kuishiwa sukari akiwa uwanjani na kuzimia. Lakini kumweka chini ya mwembe si tiba ya tatizo hilo. Mara nyingi kinachomwangusha ni dozi ya asubuhi iliyochomwa kana kwamba siku hiyo hakuna mpira.

Chukua kadi yake ya kliniki uiangalie. Utakuta namba mbili: uniti kadhaa asubuhi, uniti kadhaa jioni. Namba hizo zilipatikana kwa kufuatilia sukari yake katika siku za kawaida, nyingi zikiwa za kukaa darasani na nyumbani. Kisha sisi sote, wahudumu na wazazi, tukazigeuza kuwa amri. Jumatatu ya darasani ni uniti 14. Jumamosi ya bonanza ni uniti 14. Siku ya kupalilia mahindi tangu asubuhi hadi jua linazama, ni uniti 14. Ninachokidai leo hakina gharama kubwa: kila kadi ya mtu anayechoma insulini iwe na mstari wa tatu, wa siku ya mazoezi au kazi nzito. Wewe mzazi, au wewe mwenyewe unayeishi na ugonjwa huu, uuombe mstari huo kwa mdomo wako kama hujaandikiwa.

Tuanze na sababu, kwa kuwa mtu akielewa sababu hasahau kanuni.

Mtu asiye na kisukari akianza kukimbia, kongosho lake hupunguza insulini ndani ya dakika chache. Misuli inayofanya kazi inaweza kuvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo. Ini nalo, likiona insulini imepungua, hufungua akiba yake na kumwaga sukari kwenye damu ili kufidia. Matumizi na mapato yanakwenda pamoja, na ndiyo maana mtu huyo hukimbia kilomita kumi bila sukari yake kuyumba sana.

Kwa mwenye kisukari aina ya kwanza, insulini imetoka kwenye sindano. Ikishaingia chini ya ngozi hakuna wa kuiambia ipungue kwa sababu mchezo umeanza. Misuli inavuta sukari kwa nguvu zake yenyewe, insulini inaisukuma sukari hiyohiyo iingie kwenye misuli, na papo hapo insulini inalizuia ini lisifungue akiba. Ni tangi lenye matundu mawili ya kutolea maji huku bomba la kuingizia limefungwa. Tena damu inazunguka kwa kasi na mwili umepata joto, kwa hiyo dawa inafyonzwa haraka kuliko kawaida, hasa ikiwa ilichomwa kwenye paja la mguu utakaokimbia. Siku ya mbio, tumboni ni mahali pazuri zaidi pa kuchoma kuliko pajani.

Haya si mapya. Insulini ilichomwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza Januari 1922 huko Toronto, Canada, kwa kijana wa miaka 14. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1926, daktari wa London aitwaye Robert Lawrence, ambaye yeye mwenyewe alikuwa akiishi kwa insulini, alichapisha makala kuonyesha kwamba mazoezi huongeza nguvu ya insulini iliyochomwa. Kwa hiyo jambo hili lina umri wa karibu miaka mia kwenye vitabu vya udaktari, na bado halijafika kwenye kadi nyingi za watoto wetu.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo wengi hupotea. Watoto wengi wanaohudumiwa katika kliniki za umma hutumia insulini ya mchanganyiko, ile yenye ukungu ambayo hubingirishwa taratibu viganjani kabla ya kuvutwa kwenye bomba, na huichoma mara mbili kwa siku. Ndani yake kuna dawa mbili. Ya haraka huanza kazi baada ya nusu saa hivi na nguvu zake hufika kileleni kati ya saa 2 na 4 tangu kuchomwa. Ya polepole huchelewa, na kilele chake ni kati ya saa 4 na 10 tangu kuchomwa. Mtoto akichoma saa 12 asubuhi, dawa ya polepole itakuwa na nguvu kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni.

Kipindi cha michezo ni saa ngapi shuleni kwake? Katika shule nyingi ni saa 9 au saa 10 alasiri. Uji wa asubuhi umekwisha zamani. Chakula cha mchana, kama shule inacho, kililiwa saa 7. Mtoto anaingia uwanjani insulini ya asubuhi ikiwa bado kazini na tumbo likiwa jepesi. Huhitaji kuwa daktari kuona linalofuata.

Linganisha na mchakamchaka. Mwanafunzi wa bweni anayekimbia alfajiri kabla ya sindano na kabla ya uji ana insulini kidogo tu mwilini, mabaki ya dozi ya jana jioni. Sukari yake hushuka kidogo, wakati mwingine haishuki kabisa au hata hupanda. Wazazi wengi hudhani mbio za alfajiri kabla ya kula ndizo za hatari na mpira wa jioni hauna neno. Mara nyingi ni kinyume chake, ingawa bado ni lazima apime kabla ya kutoka.

Je, mstari wa tatu uandikwe nini? Anayejibu ni daktari au muuguzi wa kliniki anayemfahamu mtoto wako, na mimi ninakupa hapa mambo ya kwenda nayo mezani kwake. Kwa anayetumia mchanganyiko, mazungumzo ni juu ya sindano ya asubuhi ya siku ya mchezo na sindano ya jioni ya siku hiyohiyo. Mahali pa kuanzia panaweza kuwa kupunguza sehemu moja ya tano, kisha kuangalia matokeo. Mtoto wa uniti 14 asubuhi na 8 jioni angechoma 11 asubuhi, na jioni baada ya mpira angechoma 6 au 7. Mchanganyiko una udhaifu wake: huwezi kupunguza dawa ya polepole bila kupunguza na ya haraka, kwa hiyo sukari ya saa 4 asubuhi inaweza kuwa juu kidogo kuliko ulivyozoea. Kwa maoni yangu hiyo ni bei ndogo kwa siku moja.

Kwa wenye insulini mbili tofauti, moja ya muda mrefu na nyingine ya kila mlo, kazi ni rahisi zaidi. Mwaka 2017 jopo la wataalamu kutoka nchi mbalimbali lilichapisha mwongozo unaofuatwa sana hadi leo. Mchezo ukianza muda mfupi baada ya mlo, ndani ya dakika 90 hivi, dozi ya mlo huo hupunguzwa kwa robo kama ni mwendo mwepesi wa nusu saa, kwa nusu kama ni mazoezi ya wastani ya nusu saa, na hadi robo tatu mazoezi hayo yakifika saa nzima. Aliyezoea uniti 6 za chakula cha mchana na ana saa nzima ya mpira mara baada ya kula anaweza kujikuta anahitaji 2 tu. Dozi ya muda mrefu ya usiku wa siku hiyo nayo inaweza kupunguzwa kwa asilimia 20. Siku za pilikapilika kutwa nzima, kama mashindano ya UMITASHUMTA au kazi ya shamba, wataalamu wa kisukari cha watoto huzungumzia kupunguza dozi ya muda mrefu kwa asilimia 30 hadi 50.

Na mechi isiyotarajiwa? Mtoto ameshachoma dozi kamili, halafu mwalimu anatangaza kuwa leo kuna mechi ya kirafiki na shule jirani. Hapo insulini hairudi kwenye chupa, kilichobaki ni chakula. Mtoto wa kilo 30 atahitaji takriban gramu 15 hadi 30 za wanga kwa kila saa ya mchezo, na zaidi kama dawa iko kileleni. Ndizi mbivu moja ndogo ina gramu 15 hivi. Ale moja kabla ya kuanza, na nyingine wakati wa mapumziko.

Nimesema punguza, na najua kuna mzazi atasikia acha. Hapana. Usimnyime mtoto insulini kabisa kwa sababu kuna michezo. Mwili usio na insulini huanza kuunguza mafuta na kutoa ketoni, damu inakuwa na tindikali, na mtoto anaweza kufa kwa hilo ilhali sukari yake iko juu. Mazoezi katika hali hiyo huongeza moto.

Ndiyo maana kipimo cha kabla ya mchezo ni cha lazima. Sukari ikiwa kati ya 7 na 10, mtoto acheze. Ikiwa kati ya 5 na 7, ale kitu kidogo cha wanga, kama gramu 10, kisha aingie. Chini ya 5, ale gramu 10 hadi 20, asubiri, apime tena. Kati ya 10 na 15 anaweza kucheza, na wala usikimbilie kumwongezea insulini. Ikizidi 15, jiulize kama ametoka kula sasa hivi. Kama hajala, au anatapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa kasi, anakojoa sana na amelegea, hakuna mpira. Huyo anahitaji kupimwa ketoni hospitalini siku hiyohiyo. Na yeyote aliyeshuka sukari hadi kuzimia au kuhitaji kusaidiwa na mtu mwingine, apumzike michezo kwa saa 24 zinazofuata, kwa sababu mwili uliotoka kushuka jana hautoi onyo vizuri leo.

Najua mnachofikiri: stripu. Hakuna familia isiyojua bei yake, na wengi hupewa chache kliniki, zikiisha basi. Nisingependa kuandika kama vile kila nyumba ina boksi zima kabatini. Kama una stripu mbili tu kwa siku ya mchezo, ushauri wangu ni huu: tumia moja kabla ya kuingia uwanjani, na ya pili kabla ya kulala. Usiitumie ya pili mara baada ya filimbi ya mwisho kwa kutaka tu kujua imekuwaje. Namba ya wakati huo hudanganya, hasa kama mechi ilikuwa ya ushindani. Msisimko na mbio za kasi humwaga adrenalini, ini linatoa sukari nyingi kwa mkupuo, na kipimo kinaonyesha 13 au 14. Mzazi anaona hiyo 14 anaogopa, anaongeza uniti, na usiku anajuta.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa kuwa usiku ndio unaoniogopesha kuliko uwanja. Uwanjani mtoto ana wenzake 20 wanaomwona. Usiku yuko peke yake gizani, amechoka, amelala usingizi mzito.

Misuli ikimaliza kazi huanza kujaza upya akiba yake ya sukari, na hujaza kwa kuvuta kutoka kwenye damu, polepole, kwa saa nyingi. Mwaka 2007 watafiti wa Australia waliwafanyisha vijana wenye kisukari aina ya kwanza mazoezi saa 10 jioni, wakafuatilia kiasi cha sukari walichohitaji kuongezewa ili isishuke. Mahitaji yalipanda mara mbili: wakati wa mazoezi na muda mfupi baada yake, kisha yakapanda tena baada ya kupita saa 7 hadi 11. Hesabu mwenyewe. Mpira wa saa 10 jioni unarudi kudai deni lake karibu na usiku wa manane, hadi kuelekea alfajiri. Na ni wakati huohuo ambapo dawa ya polepole ya sindano ya jioni inafika kileleni.

Kwa hiyo siku ya mchezo, chakula cha usiku kisirukwe hata kama mtoto anasinzia. Dozi ya jioni iwe ile iliyopunguzwa. Kabla ya kulala ale tena kitu kidogo: kwa mtoto wa kilo 30, kikombe kikubwa cha maziwa kinatosha, na kama kipimo kinaonyesha chini ya 7 mwongezee kipande cha mkate. Asiongezewe insulini kwa ajili ya hicho. Kama mchezo ulikuwa mkali kuliko kawaida yake, au ndiyo mara ya kwanza, amka saa 8 usiku umguse. Ukikuta amelowa jasho usiku usio na joto, anaweweseka, au anaamka ovyo, mpe sukari kwanza halafu ndiyo utafute stripu.

Vijana wakubwa, nanyi sikieni. Bia za kusindikiza bonanza la Jumamosi zinalizuia ini lisitoe sukari, na zinawafanya wenzako wadhani umelewa wakati unazimia. Mechi, insulini na pombe kwenye usiku mmoja ni hatari ya kweli.

Turudi uwanjani. Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, macho kuona ukungu, kuongea visivyoeleweka, hasira zisizo na sababu. Tatizo ni kwamba kila anayecheza mpira anatoka jasho na moyo wake unakwenda mbio. Kinachomtofautisha huyu ni mabadiliko: aliyekuwa anapiga pasi nzuri anaanza kupoteza mpira hovyo, anasimama katikati ya uwanja kama amesahau upande wake, anajibu mwamuzi maneno ya ajabu. Nimesikia watoto wa aina hii wakiitwa wavivu, wakichapwa, na wengine wakiombewa kwa kudhaniwa wamepandwa na mapepo. Mwalimu aliyeambiwa mapema hafanyi hivyo.

Mwambie mwalimu mambo machache tu. Sukari iwe mfukoni mwa mtoto au mkononi mwa mwalimu pembeni mwa uwanja, isiwe kwenye begi lililofungiwa darasani. Akionyesha dalili atoke, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa kwenye maji kidogo, au nusu chupa ndogo ya soda. Iwe soda yenye sukari, maana ile isiyo na sukari haina msaada hapa. Mtoto mdogo, vijiko viwili. Baada ya dakika 15 apimwe tena, na kama bado yuko chini ya 4 arudiwe. Karanga, chipsi na chokoleti si dawa ya dharura kwa sababu mafuta yake huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Asiachwe aende peke yake darasani au chooni akisema hajisikii vizuri, amsindikize mtu. Na akiwa amezimia asimiminiwe kitu chochote mdomoni, alazwe ubavu na akimbizwe hospitali kuongezewa glukosi kwenye mshipa.

Kuhusu dawa yenyewe, isipelekwe uwanjani ikaachwa juani kwenye begi. Insulini iliyochemka kwa jua hupoteza nguvu, na mtajikuta mnahangaika na sukari iliyopanda bila kujua sababu.

Mpaka hapa nimezungumzia mpira kwa sababu ndio unaokuja akilini haraka. Mwili, hata hivyo, haujui tofauti ya mpira na ndoo ya maji. Binti anayetembea kilomita 4 kwenda shule na 4 kurudi, kisha akafika nyumbani akachota maji mara tatu, amefanya mazoezi kuliko kipa wa timu ya darasa. Wakati wa likizo hafanyi safari hiyo, na sukari yake inapanda, kliniki inaongeza dozi. Shule zikifunguliwa anarudi barabarani na dozi mpya kubwa, anaanza kuzimia njiani. Nikiwa mhudumu wa kliniki, swali la kwanza kwa mama huyo lingekuwa binti anakwenda shule kwa miguu au kwa daladala. Sioni likiulizwa vya kutosha. Ngoma za harusini za usiku kucha nazo zimo kwenye hesabu hii.

Wapo watakaonipinga, na baadhi ni wenzangu katika afya. Watasema: ukimpa mzazi dozi mbili tofauti utamchanganya, afadhali namba moja asiyoweza kuikosea. Siikubali hoja hiyo. Mama ntilie anajua siku ya gulio apike kilo ngapi za mchele na siku ya kawaida kilo ngapi, na akikosea anakula hasara yake mwenyewe. Mvuvi hupanga safari kwa bamvua na maji mafu. Watu hawa wanaweza kuelewa siku ya mpira na siku isiyo ya mpira. Wasichoweza ni kukisia kitu ambacho hakuna aliyewaeleza. Na mzazi asiyesoma achorewe mpira kwenye kadi, mbele yake namba.

Kama unahitaji mfano wa kumwonyesha mtoto, mwonyeshe Nacho Fernández, beki wa Uhispania. Aligundulika na kisukari aina ya kwanza akiwa na miaka 12, wakati huo yuko kwenye timu za watoto za Real Madrid. Amesimulia mwenyewe kwamba daktari wa kwanza alimwambia soka kwake imekwisha. Siku chache baadaye daktari mwingine, bingwa wa kisukari, akamwambia kinyume: aendelee kucheza. Alitwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya mara sita akiwa na klabu hiyo. Mwogeleaji wa Marekani Gary Hall Jr. aligundulika mwaka 1999, na mwaka uliofuata huko Sydney akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 50, kisha akairudia Athens mwaka 2004. Sitaki kumdanganya mtoto yeyote kwamba watu hao walikuwa na stripu chache kama zake. Ninachotaka aone ni kwamba madaktari wawili walimwangalia mvulana mmoja wa miaka 12, na mmoja wao akamwona kama wa kukaa benchi.

Kabla ya kliniki ijayo fanya hivi. Chagua siku tatu za mchezo au kazi nzito. Kwa kila siku andika kwenye daftari: saa ya sindano na uniti zake, alikula nini na saa ngapi, mchezo ulianza na kuisha saa ngapi, sukari kabla ya mchezo, sukari kabla ya kulala, na kama kulikuwa na dalili zozote usiku. Nusu ukurasa unatosha. Ukifika ukakuta foleni ndefu na dakika chache tu za kuonana na daktari, mfungulie ukurasa huo kwanza, kabla hata ya kusalimiana kwa kirefu, na umpe kalamu aandike mstari wa tatu.